Neno Moja la Kumwambia Wanjohi

Mwezi uliopita Wanjohi alifungua hoteli yake ya chakula pale Karatina, karibu na soko, akanipigia simu niende. Nilifika mapema, nikasalimia watu, nikachukua kiti cha karibu na mlango, nyuma ya friji ya soda, mahali ambapo mtu anaweza kunywa chai yake na kuondoka bila kuulizwa jina. Padri alikuwa bado hajaanza kubariki. Wanjohi akatoka jikoni amevaa aproni mpya, mwiko mkononi, tumbo limeongezeka na nywele zimepungua, akanitazama kama anavyotazama wali ulioshika chini. "Hapo si pako," akasema. Akanishika mkono mbele ya wageni wake wote, akanipitisha katikati ya meza, akaniketisha kando ya mke wake. Watu wakauliza huyu ni nani, ni shemeji au ni mtu wa kanisa. "Huyu alinikemea Dubai," akawajibu, kisha akarudi jikoni kana kwamba amemaliza kueleza. Mke wake, Mama Njeri, akanimiminia chai, akaniambia polepole kwamba miaka yote hii alitamani kuiona sura yangu. Nikanywa ile chai bila kuinamisha kichwa. Maishani nimelinda mageti mengi, na sehemu kubwa ya niliyoyalinda haikuwa yangu. Lakini mwaka ule mmoja wa Dubai ni wangu, na nikiukumbuka mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Nilifika kule mwishoni mwa 2013, joto likianza kupungua, nikiwa kijana ambaye hakujua kusema. Si kwamba ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalikuwapo, yakifika kooni yanageuka na kurudi. Kampuni ilinipeleka Ras Al Khor kulinda godauni la vipuri vya magari, na chumba chetu kilikuwa katika kambi nyuma ya karakana za bodi na rangi. Naweza kukichora chumba kile nikiwa nimefumba macho. Vitanda vya ghorofa vilibanana ukutani, dirisha moja lilitazama matangi ya maji, na chini ya kiyoyozi kilichodondosha tulitega ndoo. Kila kopo kwenye friji liliandikwa jina la mwenyewe. Katikati palibaki nafasi ndogo ya kutandika mkeka wa plastiki, na hapo ndipo tulipokula. Walikula wao, niseme, kwa sababu mimi nilipanda kitanda cha juu na sahani yangu, nikala miguu ikining'inia, nikisikiliza. Hivyo ndivyo nilivyowajua wenzangu kabla wao hawajanijua: kwa kuwaona utosini.

Alikuwapo Mbwana, mtu wa Mombasa, mpanga vipuri katika godauni lilelile nililolinda. Alikuwa mpole, mwenye kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi hadi ikasimama, na ofisi nzima ilimwamini kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema lisilo la kweli. Alikuwapo Okello, Mganda, fundi wa bodi za magari, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kututania. Na alikuwapo Wanjohi, mpishi wa mesi ya kampuni, aliyepikia wafanyakazi wali na dengu katika masufuria ambamo mtoto angeweza kuogelea. Tulimwita Baba Njeri. Alikuwa mkarimu kupita kiasi, na alikuwa na hasira kupita kiasi. Hasira yake haikupiga hodi. Ulikuwa unamwona anacheka, halafu masikio yanabadilika rangi, taya inakaza, na kabla hujaweka kijiko chini amekwisha kumwambia mtu neno ambalo hata yeye mwenyewe asingelisahau. Msimamizi wa kambi, ambaye sote tulimwita Sir, alikuwa amemwita ofisini mara mbili kwa ajili ya matusi. Mara ya pili alimwambia wazi kwamba likija lalamiko lingine, khalas, basi, viza inafutwa na anapanda ndege. Wanjohi alitueleza habari hiyo akiwa amekaa kitandani, anaikunjakunja kofia yake ya upishi. Njeri, binti yake, alikuwa ndiyo kwanza anaingia sekondari.

Nilidhani mtu wa namna hiyo hana dini. Kumbe alikuwa nayo kuliko sisi sote, na ndiyo iliyomfanya aone haya. Alikuwa Mworthodoksi wa kuzaliwa. Ujanani alisomea upadri, akaishi muda na wamonaki, watawa wa kanisa lake, kisha akafukuzwa kwa sababu hiyohiyo ya mdomo. Lakini alitoka na walichomfundisha. Wamonaki walimwambia kwamba uovu hauanzi na tendo, unaanza na wazo linalokuja kusimama mlangoni mwa moyo. Linakuja limevaa vizuri, na shida yetu ni kwamba tunalifungulia, tunaliwekea kiti, halafu tunashangaa likikataa kuondoka. Kazi ya mtu ni kukesha pale mlangoni na kuliuliza linatoka wapi na limetumwa na nani. Na mlinzi asiwe mkono mtupu: awe na jina la Bwana, alivute pamoja na pumzi, alitoe pamoja na pumzi. Wanjohi alikuwa na kamba nyeusi ya mafundo aliyoivaa mkononi, na akikoroga yale masufuria ya mesi midomo yake ilikuwa ikienda. Wahindi waliofanya naye kazi walidhani anahesabu chumvi.

Baada ya kufukuzwa alipata kazi Nairobi, akampikia mzee mmoja wa Kiyahudi, mjane, aliyeishi na vitabu vyake. Huko akapata nusu ya pili ya elimu yake, kwa kupitia jikoni. Kila mwaka kabla ya Pasaka ya Kiyahudi, mzee alimtaka aondoe chachu yote nyumbani, kisha wakazima taa, wakapita wote wawili na mshumaa na unyoya wa kuku wakitafuta makombo ya mkate nyuma ya kabati na chini ya jiko. Wanjohi aliona ni mchezo wa wazee. Mwaka mmoja akamuuliza kwa nini wanatafuta wakati nyumba imekwisha safishwa. Mzee akamwambia kwamba makombo ya jikoni ni mazoezi tu, yale yenyewe yako kifuani, na hayo hayaonekani kwa taa ya dari, hutafutwa kwa mwanga mdogo, kona moja moja. Ndivyo alivyoishi mzee yule. Kila juma alichukua kasoro moja tu ya nafsi, hii juma hili, ile juma lijalo, akaichunguza. Na Ijumaa kabla jua halijazama alimpigia simu rafiki yake wa zamani, wakaambiana bila kufichana pale kila mmoja alipoanguka. Mzee alisema mtu hawezi kujitafuta peke yake. Macho yametazamishwa nje.

Hayo Wanjohi alinisimulia mimi, si wengine, na sababu ilikuwa kazi yangu. Jioni moja alipita getini akitoka kununua vitunguu, akanikuta nasimamisha lori. Alisimama kando akatazama. Dereva, Mpathani mwenye ndevu nyekundu, alinipigia yalla yalla, niharakishe, nami nikafanya nilivyofundishwa: unatoka wapi, unampelekea nani, karatasi iko wapi. Lori lilipoingia Wanjohi akacheka peke yake. Akaniambia kwamba wamonaki walihangaika naye miaka wasimfundishe kitu ambacho mimi nakifanya kutwa nzima kwa mshahara. Siku ile ndiyo aliponiomba niwe rafiki yake wa Ijumaa. Nitamtazama, na nikiona masikio yake yanabadilika rangi nitamwambia neno moja, "mlangoni", basi, hata kwa sauti ya chini. Maana yake: kuna mtu amefika, hajaingia bado, muulize karatasi. Nami nikubali kwamba yeye atanitazama pia. Nikakubali. Mimi nilikuwa mtu wa kukubali kila kitu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Asubuhi chumba kilinuka sabuni na pasi. Mbwana alikwenda msikitini na kanzu yake, sisi tukapanda basi kwenda Oud Metha, kule makanisa yanakosimama ukuta kwa ukuta, na nyimbo za Wafilipino, za Wahindi na za Wanigeria zinagombania hewa moja. Wanjohi alikwenda kusimama nyuma ya Wahabeshi na shuka zao nyeupe. Hakujua lugha yao, na alisema sheria ya kanisa lake haimruhusu kushiriki komunyo yao, lakini kusimama nao kunatosha. Nikasimama naye. Sijawahi kusimama muda mrefu hivyo bila kulipwa. Alinifundisha kuvuta ile sala fupi na pumzi, nami nikagundua kwamba ukiisema kwa utulivu unaanza kuona msafara wa watu wanaopita ndani yako: wivu, uchovu, hamu ya nyama ya kuchoma, yule msichana wa mapokezi. Sikuwahi kujua geti langu lina shughuli namna ile.

Tukirudi tulikuta Mbwana ametutangulia na chakula kiko motoni, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupika. Wanjohi siku ya mapumziko hakutaka kushika mwiko, lakini hakuweza kuacha kufunua vifuniko. Mbwana alimvumilia. "Funika, bwana," alikuwa akimwambia, "harufu ni yangu, wewe utapewa chakula." Okello naye alituita monasteri. Akituona mimi na Wanjohi tumekaa pembeni aliuliza kama tayari tumemkamata shetani au bado anatafutiwa viza.

Ukweli ni kwamba tulikuwa hatumkamati. Juma baada ya juma Wanjohi aliniuliza alianguka wapi, nami nikamwambia hakuanguka. Nilikuwa nimemwona akimfokea mvulana wa mesi kwa ajili ya kijiko. Nilikuwa nimeona masikio, taya, yote, na neno likafika kooni likageuka. Nilijiambia kwamba huu ni unyenyekevu, kwamba mimi ni nani wa kumsahihisha mtu aliyeishi na wamonaki. Yeye kwa upande wake hakunihurumia. Nasi tulichukua jambo moja la nafsi kila juma, kama yule mzee, na ilipofika zamu ya kuchunguza unyenyekevu, aliniambia kwamba mzee wake wa Kiyahudi alikuwa na maana yake ya neno hilo. Mnyenyekevu si mtu anayejikunja. Ni mtu anayekaa mahali pake, hazidishi na hapunguzi. Anayechukua nafasi ya wengine ana majivuno, na anayeacha yake wazi ana majivuno pia, ya siri, kwa sababu anaogopa kuonekana amekosea. "Wewe unajipenda sana, Simiyu," akaniambia. "Ndiyo maana husemi. Unataka watu wote wakuone mwema." Nilikasirika siku mbili. Kisha akanipa zoezi: nishuke kitandani, nile mkekani, mahali pamoja kila siku, kati ya Mbwana na friji. Mwanzo nilikula nimebana magoti kama mtu aliye kwenye basi. Polepole magoti yakafunguka. Mbwana alianza kuniwekea mnofu upande wangu, akiniita mwanangu, na ile nafasi ikawa na umbo langu. Okello akija kuikalia alifukuzwa.

Basi ikaja Kwaresima. Wanjohi alifunga kama walivyofunga wamonaki: hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa wala chochote kitokacho kwa ng'ombe. Kumbuka kwamba huyu ni mtu anayeamka kila siku kukaanga kuku wa watu. Alionja kwa pua. Alikonda, na nikawa namwona anaipenda ile hali ya kukonda. Mfungo uliokuja kumfunza upole ukampa ukali mpya. Alitutazama tukila kama mtu aliye ghorofani anavyotazama walio chini. Jumatano nikaona masikio. Alhamisi nikaona masikio. Usiku akaniuliza kama ameanguka juma lile, nikamwambia hapana, Baba Njeri, uko sawa. Akafurahi. Akaniambia kwamba anafikiri hasira imemwacha, na anamshukuru Mungu na mimi.

Kesho yake, Ijumaa, tulitoka Oud Metha mchana. Mbwana alikuwa amepika pilau ya nyama, na kando, katika sufuria ndogo, alikuwa amemtengea Wanjohi maharagwe ya nazi. Alikuwa ameuliza masharti mapema, akayarudia ili asikosee: nyama hapana, maziwa hapana. Akayatimiza. Lakini Mbwana alikuwa na kopo la samli kutoka kwa mama yake, alilolitunza juu ya kabati na kulifungua kwa Idi na kwa wageni. Kwao mtu aliyefunga huandaliwa kilicho bora. Na samli, kwa mtu aliyekulia jikoni mwa mama yake, ni mafuta, si maziwa. Nani aliwahi kunywa samli? Kwa hiyo mwisho kabisa, kwa heshima ya mfungo wa mwenzake, akayamwagia yale maharagwe kijiko cha samli. Nilimwona akifanya hivyo akitabasamu peke yake, na sikujua kitu. Sote tulikaa mkekani. Wanjohi alifunua sufuria yake, akanusa, na masikio yakaanza. Akaonja ncha ya kijiko. Mpishi hadanganyiki. Neno lilikuwa kooni mwangu, neno moja tu, na pumzi ya kulitolea nilikuwa nayo.

Alisimama na sufuria, akaenda kwenye pipa la taka, akayamimina. Akageuka akamwambia Mbwana kwamba wiki zote hizi za kujinyima zimeharibiwa na kijiko cha mtu asiyejua mfungo ni nini. Akaongeza kwamba watu wa pwani wanajua kulala mchana na kula usiku, wakaita hiyo ibada. Kiyoyozi kilidondosha kwenye ndoo. Okello aliangalia vidole vyake. Mbwana aliweka tonge lake sahanini, akafuta mkono taratibu kwa kitambaa, na aliposema hakupandisha sauti. "Mie nilikupa samli ya mama yangu," akasema. Kisha akasema kwamba Jumapili ofisi ikifunguliwa ataenda kwa Sir kuomba chumba kingine. "Nitaulizwa sababu. Nami sikufunzwa uongo, Wanjohi."

Sote tulijua maana yake. Wanjohi naye alijua. Niliona rangi ikimtoka. Lakini hakukaa chini. Hasira ilikwisha kuketi ndani na ilikuwa na kiti chake, na kama mtu asingesema kitu saa ile angetamka neno lingine la kufunga mlango kabisa. Nikaangalia pale nilipokaa, kati ya Mbwana na friji. Nilikumbuka kwamba ni yeye aliyeniteremsha hadi hapo. Nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimepanda tena kitanda cha juu, na safari hii sitashuka.

"Baba Njeri," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. "Mfungo wako haukuvunjwa na samli. Umeuvunja wewe."

Okello aliinua kichwa kana kwamba friji ndiyo imesema. Wanjohi akaniuliza nimesema nini. Nikarudia, na mara ya pili sauti ilikuwa yangu. Nikamwambia kwamba nilimwona Jumatano na Alhamisi, na wiki zilizopita, mlangoni kila mara, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka anipende. Nikamwambia kwamba jana nilimdanganya, kwa hiyo hili la leo ni letu wawili, lakini maneno aliyomwambia Mbwana ni yake peke yake. "Rudi uketi," nikasema. "Mahali pako pako wazi."

Hakuketi. Alivaa makubadhi akatoka. Kupitia dirishani tulimwona akizunguka matangi ya maji katika jua la mchana, kichwa wazi, anapotea nyuma ya tangi moja anatokea kwenye lingine, ile kamba ya mafundo mkononi. Pilau ilipoa. Okello alijaribu kusema kwamba leo monasteri imefungwa kwa matengenezo, halafu akajutia, akakusanya sahani. Mbwana aliniambia bila kunitazama kwamba kwao mtu aliyefunga akitukanwa hujibu tu kwamba amefunga, na kwamba yeye leo hakufunga ila amejaribu kujibu hivyo. Nikamwomba asiende ofisini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba mtu mzima jambo. Akafunika sufuria ya pilau.

Wanjohi aliporudi shati lilikuwa limemshika mwilini. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Mbwana, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Hivyo ndivyo wamonaki walivyomfundisha kuomba msamaha: kabla ya Kwaresima kila mmoja humwinamia mwenzake hadi chini, mkubwa kwa mdogo. Mbwana aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Inuka! Inuka, bwana, utaniponza. Kwetu hasujudiwi mtu." Wanjohi hakuinuka, kwake yeye kuinuka kabla ya kusamehewa ni kuharibu. Mbwana akamshika bega kumvuta, mpishi ni mzito, kanzu ikamnasa mguuni, na mwisho Mbwana mwenyewe akawa magotini mkekani, wawili wale wameshikana mabega uso kwa uso kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Okello akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Mbwana naye kicheko kikamponyoka.

Wanjohi hakucheka. Akauliza, huku bado amepiga magoti, kwao mtu huombaje radhi. Mbwana akamwambia kwao mtu husema nisamehe, halafu anakula. Basi Wanjohi akasema nisamehe. Akaendelea kwamba lile neno juu ya funga yao amelirudisha, na kwamba hakuwa na haki hata ya kulifikiria. Kisha akainuka, akaichukua ile sufuria ndogo iliyokuwa bado na maharagwe yaliyoganda chini na kando, akaketi mahali pake, akaanza kuikwangua kwa kidole na kula. Mbwana alimwambia aache, ina samli, atapikiwa nyingine baada ya sala. Wanjohi akatikisa kichwa. Akala hadi sufuria ikang'aa, katikati ya Kwaresima, machozi yakimshuka, na akasema kwamba ni maharagwe mazuri ila chumvi imezidi kidogo. Mbwana akamjibu kwamba hiyo chumvi ni ya machozi yake mwenyewe.

Jumapili Mbwana hakwenda ofisini. Wanjohi hakuitwa tena kwa Sir mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Sisemi kwamba hasira ilimwacha. Yeye ndiye aliyesema baadaye kwamba hilo ndilo kosa alilofanya, kudhani mgeni akikaa muda bila kuja amekufa. Ila tangu siku ile nilimwambia. Mara ya kwanza nilisema "mlangoni" nikiwa nimefunika mdomo kwa kikombe. Baadaye nililisema kama mtu anavyosema nipitishie chumvi. Wakati mwingine aliniambia nyamaza, kisha akavuta pumzi, midomo ikaenda, na yule mtu akarudi alikotoka. Nami aliponiona nimeacha nafasi yangu wazi, kwenye mkutano wa walinzi au mbele ya dereva mwenye makelele, aliniambia vilevile. Kabla mwaka haujaisha nilipewa kusimamia zamu. Mtu asiyesema hasimamii zamu.

Na ilipofika Ramadhani, kiangazi kikiwa kimewaka hata bomba la maji baridi likatoa maji ya chai, Wanjohi aliomba kibali cha chumba: mwezi huo futari ya Mbwana ataipika yeye. Alitoka mesi amechoka, akabadili shati, akashika tena mwiko ambao siku zote alikataa kuushika chumbani. Aliandaa uji wa pilipili manga, viazi vya nazi, tambi. Hakuonja hata mara moja kabla ya adhana, kwa kuwa alisema si adabu kumwonjea mtu aliyefunga machoni pake. Mpishi wa kazi, anapika kwa kukisia. Siku nyingine chumvi ilikosekana kabisa. Mbwana alikula akamshukuru, na kopo la samli likashushwa kutoka juu ya kabati likakaa mkekani mwezi mzima, likiwa wazi. Nikila hapo kati yake na friji, nilikuwa nikiwaza kwamba kuna watu waliosoma sana wanaojadiliana mambo ya dini hizi na wasiwahi kuona nilichokiona.

Nimesema mgongo wangu hunyooka nikiukumbuka mwaka ule; najivunia. Wanjohi angeniambia majivuno nayo yamo katika orodha ya wamonaki, tena ni ya mwisho kutoka. Namjua. Ila mzee wake wa Kiyahudi alisema mtu asipunguze mahali pake, nami mahali pangu ni pale mkekani, kati ya Mbwana na friji.

Pale Karatina padri alibariki meza, jiko na sanduku la soda. Chakula kikaanza kuja, na kati ya vyakula vilivyoandikwa kwa chokaa ukutani niliona maharagwe ya nazi kwa samli, siku zote isipokuwa Kwaresima. Mbwana hakuweza kufika kutoka Mombasa, lakini alikuwa ametuma kopo la samli. Nilikuwa nakula, Mama Njeri ananiongezea, ndipo jikoni kikasikika kishindo na harufu ya wali ulioungua ikatufikia. Msichana mmoja wa kazi, mgeni siku hiyo, alikuwa amesahau moto. Wanjohi aliyekuwa akizungumza na padri aligeuka, akauelekea mlango wa jikoni. Nikayaona masikio. Nikaiona taya. Wageni walikuwa wamejaa, mke wake akaacha kijiko hewani, na yule msichana alisimama kwenye mlango wa jikoni ameshika sufuria kwa kitambaa, anasubiri.

"Mlangoni," nikasema kutoka mahali pangu, kwa sauti ya kawaida, sahani mkononi.

Wanjohi alisimama, mkono kwenye mwimo wa mlango. Akavuta pumzi, akaitoa. "Nimemwona," akasema. Akaichukua ile sufuria mikononi mwa msichana, akaifunua, akanusa, akamwambia ukoko hautupwi, akwangue aweke kwenye sahani, kuna mtu pale kando ya Mama Njeri anaupenda.